Mlembe, Ndege Aitaye Watu Kwenye Asali

Imo ndani ya Qur'ani Tukufu sura iliyoitwa kwa jina la nyuki, na wengi katika watoto wetu waisoma chuoni mpaka ikawakaa vifuani. Lakini ukimwuliza mmoja wao nyuki wa mwituni hukaa wapi, na mrina asali hupajuaje mahali hapo, atakutazama tu. Asali aijuayo yeye ni ya chupa. Hatumlaumu, kwani hajapata mtu wa kumtoa nje akamwonyesha. Mwezi huu, basi, twapenda kuwaeleza vijana wetu habari za ndege mmoja, nasi twamchagua kwa makusudi: habari zake zawatahayarisha wale wasemao kwamba maarifa ya porini si elimu.

Jina lake ni mlembe. Si ndege wa kupendeza macho. Ni wa kijivu na hudhurungi, urefu wake yapata sentimita 20, na pembeni mwa mkia ana manyoya meupe yaonekanayo arukapo. Chakula akipendacho ni nta na majana ya nyuki. Pango la nyuki alijua, lakini hawezi kulipasua, tena akiumwa na nyuki wengi hufa. Mwanadamu ana shoka na moto, ila hajui pango liko wapi. Basi mlembe humwendea mtu, akampigia kelele za kumhimiza, akaruka mti hata mti, akimngoja.

Warina asali wa Kiborana, kaskazini ya Kenya, tangu zamani walisema kwamba kwa kumtazama ndege huyu wao hujua pango liko upande gani na umbali gani. Wageni wengi waliyahesabu maneno hayo kuwa ngano. Msomi Hussein Adan Isack, pamoja na mwenzake Reyer, waliyapima porini kwa miaka mitatu, wakayatangaza mwaka 1989. Waliona kwamba ndege hushika njia iliyonyoka kuelekea kwenye nyuki. Na kadiri wanavyokaribia, vituo vyake huwa vya karibu karibu, naye hutua matawi ya chini zaidi. Akifika, hubadili sauti, kisha hunyamaza. Mrina asiyeongozwa alipata pango baada ya saa 8.9 kwa wastani; aliyeongozwa, saa 3.2. Maneno ya wazee yalikuwa kweli tupu.

Wala si ndege peke yake aitaye. Waborana humwita kwa mluzi usikikao zaidi ya kilomita moja. Wayao wa Niassa, katika Msumbiji, humwita kwa kutetemesha ulimi na kumalizia kwa mguno. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kwa mwito huo nafasi ya kuongozwa ilipanda kutoka asilimia 33 hivi hata 66. Na mwaka 2023 ikabainika kuwa mlembe wa Niassa huitikia zaidi mwito wa Wayao, na yule wa Wahadza wa Tanzania huitikia mluzi wa Wahadza. Kila ndege na lugha ya jirani zake!

Katika ujira wake watu wamehitilafiana. Wayao humwekea nta juu ya majani mabichi. Miongoni mwa Wahadza wako waifichao au waichomao, ili abaki na njaa aendelee kuongoza. Sisi twawapendelea Wayao. Aliyefanya kazi apewe haki yake.

Kijana atakaye kujifunza asianze kwa shoka. Nyuki wa nchi zetu ni wakali, wamekwisha kuua watu. Kurina ni kazi ya kufuatana na mjuzi. Tena Mtume (s.a.w.) amekataza kuua nyuki, kwa hiyo moshi uwe wa kuwapumbaza tu, si moto wa kuwateketeza. La kwanza ni kutoka asubuhi mapema, kwenye nyika yenye miti iliyoachana, si msitu mzito, na kukaa kimya. Kimya hicho ndicho kigumu kwa mtoto wa mjini! Na ajifunze upesi, kwani imeonekana kwamba mahali watu walipoacha kumfuata mlembe kwa kuwa sukari yanunuliwa dukani, ndege naye hupunguza kuita.

Akisha kuzoea kutazama, na amwombe mrina amfundishe kupekecha moto: ulindi mgumu juu ya wimbombo mwororo, mikono ikishuka na kupanda mpaka unga mweusi ufuke moshi. Waarabu wa kale walikuwa na miti yao miwili ya kazi hiyo, markhi na afari, na wafasiri wameitaja walipofasiri aya za moto. Ya kwetu ni mingine, nayo hubadilika nchi kwa nchi. Aijuaye ni mzee wa mahali hapo.