Mtoto wa Uvira na Mawe ya Tanganyika

Matumbawe hujengwa na wanyama wadogo wa bahari wanaojitengenezea mifupa ya chokaa, kizazi kimoja juu ya masalia ya kingine. Miamba hiyo haijengeki katika maji yasiyo na chumvi, na hivyo Ziwa Tanganyika halina. Lakini kuwapa samaki maficho, chakula na mahali pa kuzalia ni kazi ambayo ziwani hufanywa na mawe. Kusini mwa mji wa Uvira, ambako milima ya Mitumba hushuka hadi majini, mawe hayo yamejaa samaki wa jamii ya sikilidi. Ziwa lina spishi zao zaidi ya 200, karibu zote hazipatikani kwingine duniani.

Mtoto wa Uvira anawajua ndagala na mukeke kwa sababu huwaona sokoni na sahanini, nao ni samaki wa maji ya wazi. Wa mawe hawajui. Kwa umri mdogo majina yao ya kisayansi si kitu; kinachomshika mtoto ni matendo. Mama Tropheus hubeba mayai mdomoni takriban mwezi mzima, na watoto wake hutoka humo wakiogelea. Dume la Lamprologus callipterus hukusanya makombe matupu ya konokono, na majike madogo huingia humo kutaga. Wa ajabu kuliko wote ni Perissodus microlepis, anayekula magamba ya samaki wengine: mdomo wake umepinda upande mmoja, kulia au kushoto, naye hushambulia kwa upande unaomfaa. Mjapani Michio Hori alieleza jambo hilo mwaka 1993 katika jarida la Science. Hata mtoto wa miaka mitano huelewa akiambiwa apinde mdomo wake mwenyewe.

Asubuhi, kabla ya upepo, maji hutulia na samaki hao huonekana kutoka juu ya jiwe. Mtu mzima awe karibu kabisa, mbali na mahali pa viboko na mamba, na mtoto asinywe maji ya ziwa, kwa kuwa kipindupindu hakijaisha Uvira.

Somo la samaki hawa halikamiliki bila udongo. Miti ikikatwa mlimani, mvua huteremsha tope hadi ziwani. Tope hufunika mwani juu ya mawe na kuziba mianya, na samaki hukosa chakula na maficho. Mwalimu awaoneshe watoto jiwe safi na jiwe lenye tope, yote mawili katika siku moja.