Nani Aliyeleta Kazi Usukumani? Sehemu ya Tatu: Tajiri wa Mwadui na Karani Wake

Amri mpya ya mishahara ya sekta binafsi ilianza kutumika Januari 1, 2026, ikapandisha kima cha chini kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi. Tangu hapo nasikia hoja ile ile kuanzia Kahama hadi Katoro: tajiri ndiye mwajiri, ukimbana atafunga duka, na vijana watajaa vijiweni. Waliofuatilia sehemu mbili zilizopita wanajua mchumi Say alisema nini mwaka 1803 na mchumi mwenzake Keynes alimjibu vipi mwaka 1936. Sitawarudia. Mkoa wa Shinyanga na jirani yake Geita ina ushahidi wake.

Tuanze na tajiri. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, akaumiliki mgodi ule mpaka alipofariki Januari 1958. Mwaka 1947 lilipatikana jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, naye akamtunukia Princess Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Pale porini akajenga nyumba, hospitali, uwanja wa ndege na mitambo ya umeme, akaajiri watu kwa maelfu. Sina nia ya kumnyima haki yake. Ila mji ule ulizungushiwa uzio, kwa sababu almasi huibwa kirahisi. Huduma zilikuwa ndani, mitambo ilitoka ng'ambo, na mawe yenyewe yalikwenda kuuzwa ng'ambo. Aliyekuwa nje ya uzio aliona taa tu usiku.

Miongoni mwa makarani wa Mwadui baada ya Vita Kuu ya Pili alikuwamo kijana mzaliwa wa Musoma, Paul Bomani. Mwaka 1947 alikuwa ameshaondoka, akawa Mwanza akihudumia chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Hapa ndipo ninapopapenda katika historia yetu, na mhariri anisamehe nikichelewa kuondoka.

Mkulima wa pamba wa wakati ule alikuwa na adui mmoja aliyemjua kwa sura, nao ni mzani. Alipalilia, alichuma, alibeba mzigo wake mpaka kwa mnunuzi, na pale jicho la mwenye mzani ndilo liliamua watoto wake watavaa nini. Wakulima hawakuanza kwa kuomba mtaji. Walianza na mizani yao: pima kwanza kwa wenzako, ujue kilo zako, ndipo uende sokoni. Vikundi hivyo vikakua vikawa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, Bomani akiliongoza. Kufikia mwisho wa muongo ule vyama vya msingi vilihesabika kwa mamia, na ununuzi wa pamba ya Jimbo la Ziwa ulikuwa mikononi mwao. Shirikisho likamiliki na viwanda vya kuchambua pamba, kimojawapo Kasamwa, hapo hapo Geita ambako leo watu hudhani historia ilianza na dhahabu. Karani yule baadaye akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Sasa hesabu ajira. Kwanza ni za wazi: makarani wa vyama, wapima mizani, walinzi wa maghala, madereva, mafundi wa viwandani. Lakini nyingi zaidi zilizaliwa baada ya mkulima kulipwa. Alinunua baiskeli, kijijini akahitajika fundi baiskeli. Alinunua kitambaa, fundi cherehani akahamia barazani mwa duka. Alinunua bati, mwashi na seremala wakapata kazi. Hakuna tajiri aliyekaa Mwanza akaamua kumwajiri fundi baiskeli wa Malampaka. Aliajiriwa na mamia ya wakulima ambao wala hawakujua kwamba wao ni waajiri.

Kweli, sisi Wasukuma fedha ikituzidi hugeuka ng'ombe, na ng'ombe mia huajiri mtoto mmoja ambaye alipaswa kuwa shuleni. Na ni kweli ushirika ulioza. Mwaka 1966 Serikali ilibidi iunde kamati ya kuuchunguza, na mwaka 1976 ikavifuta vyama vikuu. Wizi wa mzani ulirudi, safari hii ukifanywa na ndugu zetu. Nalitaja kwa uchungu, maana aliyemwibia mkulima kilo tano alimwibia na fundi cherehani.

Tuje kwenye dhahabu, ambayo mwezi Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000 kwa wakia. Mtaji unahitajika, sibishi. Duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, haliendi chini bila pampu, magogo ya kushikilia kuta na mtu wa kuwalisha wachimbaji miezi kadhaa kabla jiwe halijaonekana. Lakini jiwe likipatikana, viroba hugawanywa. Mgawo hutofautiana machimbo kwa machimbo. Mara nyingi mwenye leseni huchukua karibu theluthi, na zinazobaki ni za mwenye duara na wachimbaji wake. Jioni hiyo hiyo fedha iko kwa mama lishe, kwa bodaboda, kwa mwenye karasha ya kusaga mawe. Mgodi mkubwa hulipa kodi na mrabaha, tena vizuri kuliko zamani, lakini kwa tani ile ile ya mawe hutumia mashine zaidi na mikono michache. Mgodi wa Buzwagi, kule Kahama, ulifunguliwa 2009, ukasimamisha uzalishaji 2021. Kahama haikufa, kwa kuwa ilikuwa na mchele, pamba na barabara ya kwenda Rwanda na Burundi. Yaani ilikuwa na wanunuzi.

Kuhusu kima cha chini, basi. Mnunuzi wa mwisho wa dhahabu hayuko Geita, na bei yake haipangwi na mshahara wa mlinzi wa getini. Mwenye mgodi anayelia kwa nyongeza hii wakati wa bei kama hii anatutania. Mama lishe mwenye wasichana wawili jikoni namwelewa, kwake mzigo ni mzito. Ila naye wateja wake ni hao hao wanaoongezewa.

Na kwa kuwa ajira nyingi huzaliwa mkulima akilipwa, ombi langu ni kwa wanunuzi wa pamba na wasimamizi wa vyama vya msingi. Msimu wa 2019, bei ilipotangazwa shilingi 1,200 kwa kilo, wakulima wengi walikaa miezi bila kulipwa. Msimu ujao mkulima alipwe siku anayopima pamba yake, na mzani ukaguliwe mbele yake.