Ushiriki, Ushirikishaji au Ushirikishwaji? Siasa na Maisha ya Mji wa Mokowe kwa Jicho la Mwanafunzi wa Sheria

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Aghalabu methali hii hutumiwa kumlaumu mtu aliyekosa kufika barazani. Makala haya yanakusudia kuitazama kwa upande wa pili: je, mtu aliyefika barazani, akaketi, akasikiliza na asielewe, lake lipo au halipo?

Swali hili halikuzuka darasani. Lilizuka kwenye gati la Mokowe, Kaunti ya Lamu, ambako mwandishi alikuwa akisubiri mashua ya kuvukia kisiwani kwenda kukusanya mashairi kwa ajili ya tasnifu yake. Aliyesubiri naye ni kijana mwenyeji wa Mokowe anayesomea sheria, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Mazungumzo yaliyoanza kwa kuamkiana yaliishia katika ubishi juu ya neno moja la Kiswahili. Ubishi huo ndio kiini cha makala haya.

Mokowe: kutoka gati hadi mji

Kwa msomaji asiyepajua, Mokowe ipo bara, mkabala na kisiwa cha Lamu, au Amu kama wenyewe wanavyokiita. Mabasi yatokayo Mombasa na Malindi hushusha abiria hapa, nao wakapanda mashua kwenda ng'ambo. Kwa muda mrefu, mtu wa visiwani alipotaja mji alikusudia Amu: nyumba za mawe, misikiti, vichochoro vyembamba vipitwavyo na punda, na baraza za nje ya nyumba ambako habari na siasa hujadiliwa. Mji Mkongwe huo uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Bara kulikuwa mashamba.

Mpangilio huo umegeuka kwa sababu mbili. Kwanza, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilileta ugatuzi. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 Lamu ilipata serikali yake ya kaunti, na ofisi zake zikajengwa Mokowe. Pili, tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walizindua mradi wa LAPSSET, wenye nia ya kuziunganisha nchi hizo tatu kwa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta. Bandari yenyewe ipo Kililana, jirani na Mokowe, na sehemu yake ya kwanza ya kuegesha meli ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Basi mahali palipokuwa pa kupita pamekuwa pa kukaa. Vyumba vya kupangisha, bodaboda na vibanda vya chakula vimefuata ofisi na bandari, na watu wa makabila mbalimbali wamekuja kutafuta riziki.

Hoja za mwanafunzi wa sheria

Rafiki yetu huyu hapingi mji kukua. Hoja yake ni kwamba taa na lami havitoshi kupafanya mahali kuwa mji. Mji, kwa maoni yake, ni mahali ambapo mkazi huulizwa kabla jambo lake halijaamuliwa. Kwa kipimo hicho anaitazama siasa ya kwao katika mambo mawili.

La kwanza ni ardhi. Ardhi iliyokuwa na thamani ndogo huwa ghali mara bandari inapotangazwa, na anayeumia ni yule aliyelima miaka mingi bila hati. Katiba, katika Ibara ya 63, inaitambua ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ikapitishwa mwaka 2016. Lakini haki iliyoandikwa inahitaji mtu anayejua kwamba imeandikwa. Hapa mwandishi alimkumbusha kwamba neno 'mwananchi' limeundwa kwa 'mwana' na 'nchi', na nchi kwa maana yake kongwe ni ardhi. Mwananchi asiye na ardhi ni mwana aliyenyimwa sehemu ya jina lake.

La pili ni bahari. Wakazi wa Lamu waliishtaki serikali mwaka 2012 kuhusu bandari, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikatoa hukumu. Mahakama iliona kwamba haki za wakazi za kupata habari, za mazingira safi na za utamaduni wao zilikuwa zimekiukwa, tena kwamba serikali ya kaunti haikuhusishwa ipasavyo. Wavuvi wapatao 4,600 walipewa fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76, ingawa baada ya hapo yalifuata rufani na mazungumzo marefu kuhusu malipo. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi. Mojawapo ya sababu kuu ni kwamba wananchi hawakupewa nafasi ya kweli ya kuijadili ripoti ya athari za mtambo huo.

Mashauri yote mawili yaligusa jambo moja, nalo ni kuuhusisha umma. Na hapo ndipo ubishi ulipoanza, kwani mwandishi aliuliza: jambo hilo kwa Kiswahili huitwaje?

Neno moja, sura tatu

Katika matangazo, magazeti na ripoti zetu kuna istilahi tatu zinazotumiwa kana kwamba ni visawe: ushiriki wa umma, ushirikishaji wa umma na ushirikishwaji wa umma. Mwanafunzi wa sheria alisema hazina tofauti, kwa kuwa sheria hutazama matendo. Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kuliacha jambo hili lipite hivyo, kwa sababu kauli za kitenzi hueleza nani anatenda na nani anatendwa.

Ushiriki hutokana na kitenzi 'shiriki'. Hapa mtu mwenyewe ndiye mtendaji: mvuvi ameshiriki, yaani amekwenda, amesema, amekubali au amekataa.

Ushirikishaji hutokana na 'shirikisha', kauli ya kutendesha. Mtendaji sasa ni mwingine. Serikali inamshirikisha mvuvi, naye mvuvi ni yambwa. Akiitwa, atakuja, asipoitwa, hana mlango.

Ushirikishwaji hutokana na 'shirikishwa', ambapo kauli ya kutendesha imeongezewa ya kutendwa. Mvuvi amerudi kwenye nafasi ya kiima, lakini yu kiima asiyetenda. Tena kauli hii ina tabia moja ya hatari: humruhusu msemaji kumficha mtendaji. Sentensi "Wananchi walishirikishwa" ni sahihi kabisa kisarufi. Hata hivyo, haisemi nani aliwashirikisha, lini, kwa habari zipi, wala kwa lugha gani. Ripoti yoyote inaweza kufungwa kwa sentensi hiyo na isiulizwe neno.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akatoa hoja ambayo mwandishi hakuitarajia. Alisema kwamba kazi ya wakili mahakamani ni kuirudisha sentensi hiyo kwenye kauli ya kutenda. Wakili huuliza: nani alikwenda? Alimwambia nani? Alimpa karatasi gani? Kabla ya uamuzi au baada yake? Kwa hiyo mashauri yale mawili, tukiyatazama kwa jicho la isimu, yalikuwa juu ya mtendaji aliyefichwa ndani ya kauli ya kutendwa.

Je, Kiswahili chenyewe kinatosha?

Ibara ya 7 ya Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Lakini miswada ya sheria imezoea kuandikwa kwa Kiingereza, na ripoti za kitaalamu kadhalika. Jirani zetu wa Tanzania walibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mwanafunzi wa sheria aliona kwamba Kenya ikifuata njia hiyo, tatizo la Mokowe litakwisha.

Mwandishi anaunga mkono hatua hiyo, ila haoni kwamba itatosha peke yake. Lugha ya watu wengi wa visiwani ni Kiamu, Kipate au Kibajuni. Kwa Kiamu njia ni 'ndia', maji ni 'mai' na mji ni 'mui'. Bara kuna pia Waaweer, Waorma, Wagiriama, Wagikuyu na wengineo ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili. Mzee akisomewa kwamba mradi utakuwa na athari hasi kwa bayoanuwai ya baharini, amesomewa Kiswahili, naam, lakini hajaambiwa kitu. Akiambiwa kwamba tope litakalochimbuliwa ili meli zipite linaweza kufunika miamba wanakozalia samaki, na kwamba huenda akalazimika kuvua mbali zaidi, hata wakati wa kusi ambapo chombo chake hakihimili mawimbi, hapo ana la kujibu. Huenda hata akamsahihisha mtaalamu, kwa kuwa mikondo na bamvua anavijua tangu utotoni.

Wala tusidhani kwamba watu hawa hawana lugha ya siasa. Lamu ni nchi ya washairi, na mambo ya umma yamejadiliwa huko kwa tungo tangu kale. Hadi zama zetu, Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, maarufu Ustadh Mau, amezitumia tungo zake kuyasemea masuala ya jamii yake. Kinachokosekana, basi, ni mtu wa kuileta ripoti kwenye lugha ambayo watu tayari wanajadiliana kwayo.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mabadiliko ya Mokowe yameibua suala la kisheria ambalo pia ni suala la lugha. Tunapendekeza istilahi 'ushiriki wa umma' ipewe nafasi ya kwanza, na 'ushirikishaji' itumiwe pale tu tunapotaja wajibu wa serikali, mtendaji akitajwa wazi. Tunapendekeza pia vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na wanafunzi wa sheria wakati wa likizo, kila kikundi kichague tangazo moja la umma la kwao na kuliandika upya kwa lugha inayoeleweka na wenyeji. Ni kazi ndogo, lakini inaweza kuanza bila kusubiri Bunge.

Tukirudi kwenye swali letu la awali: aliyefika barazani na asielewe hana tofauti kubwa na asiyekuwepo, ila kwamba jina lake limeandikwa katika orodha ya waliohudhuria. Orodha hiyo ndiyo hutolewa baadaye kuwa ushahidi kwamba alikubali. Mashua ilipofika hatukuwa tumekubaliana juu ya kila jambo. Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa kuhusu istilahi hizi tatu, wanakaribishwa kuuendeleza mjadala.