Ladha Bila Sukari: Viungo Salama kwa Mtoto Aliye katika Mlo wa Ketoni

Mkoa wa Tabora unasifika kwa asali inayorinwa katika misitu yake ya miombo. Mjini Tabora, palipokuwa kituo kikuu cha misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji, ipo Mtendeni, ambayo jina lake hukumbusha mtende, mti uzaao tende. Asali na tende ni vitu ambavyo mtoto hupewa kwa mapenzi, hasa anapokuwa mgonjwa na kukataa chakula. Hata hivyo, yupo mtoto mmoja ambaye kijiko cha asali kinaweza kumharibia matibabu. Huyo ni mtoto mwenye kifafa ambaye daktari amemweka katika mlo wa ketoni.

Mlo wa ketoni ni nini?

Kwa kawaida ubongo hutumia glukosi itokanayo na vyakula vya wanga na sukari. Vyakula hivyo vikipunguzwa sana, na mafuta yakaongezwa, ini huyavunja mafuta na kutengeneza kemikali ziitwazo ketoni, ambazo ubongo huzitumia badala ya glukosi. Katika hali hiyo watoto wengi wenye kifafa huanguka mara chache zaidi. Mlo huu ulipendekezwa mwaka 1921 na Russell Wilder wa Kliniki ya Mayo, nchini Marekani. Matumizi yake yalififia baada ya dawa ya fenitoini kuanza kutumika mwaka 1938, lakini tangu miaka ya 1990 umerudi kuwa tegemeo la watoto ambao dawa hazikuwatosha. Mlo huu ni tiba kamili yenye madhara yake, kama vile kufunga choo na mawe ya figo. Kwa sababu hiyo hauanzishwi nyumbani pasipo daktari na mtaalamu wa lishe, na dawa za kifafa haziachwi kwa sababu ya mlo.

Hesabu ya kijiko kimoja

Katika mlo wa uwiano wa 4 kwa 1, kila gramu 4 za mafuta huambatana na gramu 1 tu ya protini na wanga kwa pamoja. Gramu 1 ya mafuta hutoa kilokalori 9, na gramu 1 ya protini au wanga hutoa kilokalori 4. Kwa hiyo fungu moja la gramu 5 hutoa kilokalori 36 na 4, yaani 40. Mtoto anayehitaji kilokalori 1,200 kwa siku atapata mafungu 30: gramu 120 za mafuta, na gramu 30 za protini na wanga. Ikiwa protini ni gramu 20, wanga na sukari vitabaki gramu 10 tu kwa siku nzima.

Kijiko cha chai cha asali kina uzito wa takriban gramu 7, na kama asilimia 80 ya asali ni sukari. Kijiko hicho peke yake kina gramu 5.6 za sukari, yaani zaidi ya nusu ya haki ya siku nzima. Tende ndogo iliyokauka yenye gramu 8 ina takriban gramu 5. Kwa upande mwingine, robo gramu ya unga wa iliki ina takriban gramu 0.1 tu ya wanga, na kijiko cha chai cha maji ya ndimu hakifikishi nusu gramu.

Harufu na utamu

Mtu akibana pua na kutafuna punje ya iliki, ladha yake nyingi hupotea. Akiiachia pua, ladha hurudi mara moja. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ladha ni harufu, na harufu hutokana na chembechembe chache mno za mafuta mepesi yaliyomo katika kiungo. Ndiyo maana maziwa mazito ya nazi yaliyopimwa, yakitiwa iliki au mdalasini, yanaweza kupendeza bila sukari. Chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, bizari na ndimu vinaweza pia kutumika kwa kiasi kidogo, mradi vihesabiwe katika mlo.

Hatari mara nyingi haimo katika harufu, bali katika kile kilichoibeba. Sharubati huibeba kwa maji ya sukari. Viungo vya paketi vinaweza kuchanganywa na unga au wanga. Baadhi ya vitamuzi vya unga vilivyoandikwa kuwa havina sukari huongezewa ujazo kwa glukosi au maltodekstrini, ambazo mwilini hufanya kazi ya sukari. Dawa nyingi za maji za homa na kikohozi nazo hutiwa sukari; mzazi amweleze mfamasia na daktari juu ya mlo, ili pale inapowezekana itolewe ya vidonge. Lakini katika dharura mtoto asinyimwe dawa kwa sababu hiyo.

Cha asili si lazima kiwe salama

Mafuta ya mkaratusi na kafuri hunukia vizuri, lakini yakimezwa yanaweza kumletea mtoto mtukutiko, jambo lile lile linalopigwa vita. Mafuta makali ya karafuu yanaweza kudhuru ini, na kungumanga nyingi ni sumu. Itumike karafuu yenyewe, kidogo, wala si mafuta yake yaliyokamuliwa.

Kazi ya shule

Wanafunzi wanaweza kupasha moto maji ya asali pamoja na kemikali ya Benedict na kuona rangi ya buluu ikigeuka kuwa nyekundu ya matofali. Wakirudia kwa sukari ya mezani, rangi haitabadilika hivyo, kwa kuwa sukari hiyo haionekani kwa kipimo hiki mpaka ivunjwe kwa asidi. Somo ni wazi: kipimo kimoja hakitoshi kutangaza kwamba chakula fulani ni salama. Orodha ya mtaalamu wa lishe, mizani, na maandishi ya kopo hubaki kuwa mwongozo.

Kifafa hakiambukizi, na mtoto huyu anaweza kukaa darasani na kula pamoja na wenzake. Walimu hawana budi kujua mlo wake, na wenzake waelezwe kwa nini hapaswi kupewa peremende wala embe. Kwa mtoto wa namna hiyo, kumnyima pipi ni kumsaidia, na kumtafutia harufu nzuri ya iliki katika chakula chake ni kumwezesha kuvumilia tiba ambayo huenda ikadumu kwa miaka.