Pombe ya Magendo Eastlands: Ikishanaswa Hupelekwa Wapi?

Kwa wakazi wa Mathare, Korogocho, Kariobangi na Majengo, msako wa pombe haramu si jambo geni. Polisi wakiandamana na chifu huteremka ukingoni mwa mto alfajiri, mapipa yaliyofukiwa matopeni yakafukuliwa, mitambo ikapondwapondwa na vilivyomo vikamwagwa mtoni huku wapiga picha wakishuhudia. Haipiti siku tatu kabla ya moshi kufuka tena pale pale. Mijadala kuhusu misako hii aghalabu hukomea kwenye swali la jinsi ya kuinasa pombe. Makala haya yanajishughulisha na swali la pili, ambalo halijapewa uzito unaostahili: je, pombe hiyo ikishanaswa ifanyiwe nini? Si swali la karani wa ghala peke yake, kwa kuwa kuna watu waliokwisha kufa kwa sababu ya jibu baya.

Ifahamike kwanza kwamba istilahi "pombe haramu" hukusanya chini ya paa moja vitu visivyofanana. Kipo kinywaji cha mama pima, yaani chang'aa inayokenekwa kutokana na kangara, ambayo ni mchanganyiko wa molasi au sukari guru, unga na hamira uliochachushwa pipani. Ipo pia ethanoli ya viwandani, inayovushwa mipakani kwa magendo ndani ya mapipa ya lita 200 au zaidi na kufichwa chini ya shehena nyingine. Hali kadhalika, zipo chupa zinazofanana na za viwanda vinavyotambulika, zenye lebo na stempu bandia za ushuru, zilizojazwa katika vyumba vya kupanga. Mama pima na mlanguzi wa ethanoli hushtakiwa katika mahakama zile zile, na mali zao zikaelezwa kwa jina lile lile. Hapo ndipo utata huanzia.

Upishi wa pombe katika mitaa hii una historia ndefu kuliko sheria nyingi zinazoupiga marufuku. Katika miaka ya 1920 manispaa ya kikoloni ya Nairobi ilijitwalia haki ya pekee ya kuwapikia na kuwauzia Waafrika pombe huko Pumwani, na mwanamke aliyepika chumbani mwake akageuka mhalifu kwa kuwa alikuwa akishindana na serikali sokoni. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Nici Nelson alipofanya utafiti Mathare, aliwakuta wanawake ambao busaa ndiyo iliyowalipia kodi ya nyumba na karo za watoto. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, inayojulikana zaidi kama Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeiasisi, iliifuta sheria iliyoharamisha chang'aa na kuiruhusu, mradi mpishi awe na leseni, atimize viwango vya ubora na kukifunga kinywaji katika chupa za kioo. Kwa mwenye pipa moja kando ya mto, masharti hayo hayakutofautiana sana na marufuku ya awali. Uganda ilikwisha kujaribu njia nyingine kupitia sheria yake ya enguli ya 1965, iliyowataka wapishi wenye leseni kukiuzia kiwanda pombe yao ili isafishwe upya.

Ethanoli ina hesabu yake, na hesabu hiyo yaeleza kwa nini magendo hayakomi. Pipa la lita 200 lenye nguvu ya asilimia 96 likizimuliwa kwa maji hadi asilimia 40, hutoa takribani lita 480 za kinywaji kikali. Zikigawanywa katika chupa za mililita 250, hizo ni chupa zipatazo 1,920 kutoka kwa pipa moja, na ushuru haujalipiwa hata tone. Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA, ilianzisha mfumo wa stempu za kielektroniki mnamo 2013 ili kila chupa iweze kufuatiliwa tangu kiwandani. Mfumo huo umesaidia, lakini umezaa pia biashara ya stempu bandia. Mlanguzi mwenye pipa kumi ana sababu nzuri za kuwapata wachapishaji.

Hata hivyo, kinachoua si ushuru uliokwepwa. Ni methanoli. Kimiminiko hiki hutumika viwandani, hakina rangi, na kwa pua ya mnywaji hakitofautiani na ethanoli. Chang'aa inayotokana na molasi na unga huwa na methanoli kidogo mno. Maafa makubwa huzuka pale mtu anapoitia methanoli ya viwandani ili kuongeza ukali na ujazo, au anapouziwa pipa asilolijua. Mwilini, ini huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, nayo hushambulia mshipa wa jicho. Mililita 10 huweza kupofusha, na 30 huweza kuua. Dalili huchelewa kwa saa 12 na hata zaidi, hivyo wanywaji huagana vizuri usiku na kuamkia giza asubuhi. Mnamo Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Mukuru iliyo jirani na Eneo la Viwanda, zaidi ya watu 130 walifariki na mamia wakalazwa hospitalini. Mtaa wa Shauri Moyo ulionja msiba wa aina hiyo mnamo 2010.

Sasa turejelee swali la msingi. Pombe iliyonaswa na polisi huwekwa kituoni ili itumike kama ushahidi. Huitwa kizibiti, neno lililokopwa kutoka Kiingereza, japo sikio la Mswahili hulisikia kana kwamba limezaliwa na kitenzi "kudhibiti". Kwa bahati mbaya, kudhibitiwa ndiko kunakokosekana. Vituo vingi havikujengwa viwe maghala ya vimiminiko vinavyoshika moto. Mapipa hukaa uani au katika chumba kinachofungwa kwa kufuli moja, kesi ikaahirishwa mara baada ya mara, na maafisa waliofanya msako wakahamishwa. Atakayehesabu mapipa mwishoni si yule aliyeyahesabu mwanzoni.

Tukio lililoiweka wazi hatari hii halikutokea Nairobi. Mnamo Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walifariki baada ya kunywa pombe yenye sumu. Serikali yenyewe ilieleza kwamba pombe hiyo ilikuwa kizibiti kilichokuwa kimehifadhiwa katika kituo cha polisi cha Kiamaciri, kikatolewa humo na kurudishwa sokoni. Yaani msako ulifaulu, sumu ikatolewa mikononi mwa muuzaji, kisha ikawafikia wanywaji kupitia mlango wa waliotumwa kuwalinda. Mkazi wa Kayole au Dandora anayepita kila siku mbele ya kituo chenye mapipa uani ana haki ya kuuliza yamo mangapi.

Sheria haimlazimishi yeyote kulihifadhi pipa zima. Mkemia wa Serikali huhitaji sampuli tu. Sampuli mbili au tatu zikichukuliwa mbele ya mshtakiwa na kutiwa lakiri, shehena ikapigwa picha na ujazo wake kuandikwa, polisi wanaweza kumwomba hakimu amri ya kuiharibu kabla ya kesi kwisha. Amri za namna hiyo hutolewa. Tatizo ni kwamba huombwa kwa kuchelewa, pengine baada ya miezi. Upande wa forodha una utaratibu ulio mkali zaidi: chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, mwenye mali iliyokamatwa ana mwezi mmoja wa kuidai, na akinyamaza mali hiyo huhesabiwa kuwa imetwaliwa na serikali. Ni vigumu kuona kwa nini pipa lililokamatwa Kariobangi likae muda mrefu kuliko lililokamatwa Busia.

Wapo wanaosema dawa ni kumwaga papo hapo. Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipowaagiza viongozi wa eneo la Kati waongoze vita dhidi ya vileo vya bei ya chini, umati uliingia madukani na maghalani na kuharibu hata mali ya wenye leseni, na baadhi ya wenye viwanda wakakimbilia mahakamani. Kumwaga bila kupima, aidha, hufuta ushahidi: haijulikani tena kama kilichomwagwa kilikuwa na methanoli, wala kilitoka kwa nani. Mto nao hulipa gharama. Kangara ina sukari nyingi, na vijidudu vinavyoila majini humaliza oksijeni. Mto Mathare huungana na Mto Nairobi karibu na Korogocho, na kuelekea Dandora na kwingineko watu hutumia maji hayo kunyweshea sukuma wiki inayouzwa katika masoko ya mitaa hiyo hiyo.

Ethanoli safi haistahili kumwagwa wala kulala ghalani. Mwaka 2020, korona ilipoingia nchini na vitakasa mikono vikaadimika, KRA ilitoa zaidi ya lita 200,000 za ethanoli iliyokuwa imeikamata ili zitengenezewe vitakasa hivyo, na Kampuni ya Kusafirisha Mafuta kwa Mabomba ikashiriki kazi hiyo. Kilichofanyika wakati wa dharura chaweza kufanyika kila robo mwaka kwa ajili ya zahanati na shule, kwa masharti mawili. Kwanza, maabara ithibitishe kwamba pipa halina methanoli. Lenye methanoli lipelekwe kwenye tanuri la viwandani likachomwe. Pili, ethanoli itiwe kiungo kichungu pale pale ghalani, kabla ya lori kuondoka, kwa kuwa njiani kuna mikono mingi.

Kuhusu mama pima, pipa lake moja halihitaji tanuri wala maabara kubwa. Kangara yaweza kumiminwa katika shimo la mboji mbali na mto, na chang'aa yake ikapimwa methanoli kabla hajafikishwa kizimbani, ili hakimu ajue kama aliyesimama mbele yake aliuza kinywaji kisicho na leseni au aliuza sumu. Hukumu za makosa hayo mawili haziwezi kulingana. Kwa sasa, karatasi ya mashtaka mara nyingi hutaja lita tu.