Bunduki ya kijeshi

Bunduki ya kijeshi ni bunduki ambayo jeshi la nchi limeichagua rasmi kuwa silaha ya kawaida ya askari wake wa miguu. Historia yake husimuliwa mara nyingi kwa majina ya wabunifu wa bunduki, lakini mabadiliko makubwa zaidi yalitokana na risasi na baruti.

Gobore na risasi ya Minié

Hadi katikati ya karne ya 19 askari wengi walitumia gobore. Baruti na risasi ya duara vilishindiliwa kwa mdeki kupitia mdomo wa kasiba. Kazi hiyo ilifanywa kwa kusimama, tena mbele ya adui, na kupita mita 100 ilikuwa vigumu kumpata mtu mmoja.

Kasiba yenye michirizi ndani, inayoizungusha risasi ili iende sawa, ilijulikana tangu zamani, ila kuijaza kulichukua muda mrefu. Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alibuni risasi nyembamba kidogo kuliko kasiba, yenye uwazi nyuma. Ilishuka kwa urahisi, na ilipofyatuliwa ilitanuka ikashika michirizi.

Kujaza kwa nyuma

Jeshi la Prussia lilichagua bunduki ya Dreyse, inayojazwa kwa nyuma, mwaka 1841. Askari aliweza kuijaza akiwa amelala chini. Faida hiyo ilionekana wazi mwaka 1866, Prussia ilipoishinda Austria huko Königgrätz.

Baruti isiyo na moshi

Mwaka 1884 Paul Vieille wa Ufaransa alitengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi. Ilikuwa na nguvu kuliko baruti nyeusi, hivyo risasi ziliweza kuwa ndogo na kwenda mbali zaidi. Bunduki ya Lebel ya mwaka 1886 ilikuwa ya kwanza ya kijeshi kuitumia. Zilifuata Lee-Enfield ya Uingereza (1895) na Mauser ya Ujerumani (1898).

Tofauti hiyo ilionekana pia Afrika ya Mashariki. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani, waliokuwa Waafrika, walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871 inayotumia baruti nyeusi. Kila walipofyatua, wingu la moshi liliwaonyesha adui mahali walipojificha. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, waliteka mamia ya bunduki za kisasa za Waingereza, na baadhi yao wakapewa hizo.

Bunduki za kujijaza

Mwaka 1936 Marekani ilichagua M1 Garand, inayojijaza yenyewe kila inapofyatuliwa. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani walitumia StG 44, yenye risasi fupi, kwa kuwa mapigano mengi hayakuwa ya mbali. Umoja wa Kisovyeti ulifuata njia hiyo kwa AK-47 ya Mikhail Kalashnikov, iliyokubaliwa mwaka 1949. Miaka ya 1960 Marekani ilihamia M16, ambayo risasi yake ya milimita 5.56 ina uzito wa takriban nusu ya ile ya 7.62 iliyotangulia, askari aliweza kubeba nyingi zaidi.

AK-47 ni rahisi kutunza na hustahimili vumbi na matope. Kwa sababu hiyo ilienea kwa majeshi na wapigania uhuru, na picha yake imo katika bendera ya Msumbiji. Sababu hiyohiyo huifanya iendelee kuua watu miaka mingi baada ya vita iliyoileta kumalizika.