Waya Umefuata Njia ya Majahazi

Juma lililopita nilivuka kwenda kisiwani Pate kumwamkia mjomba wangu, nahodha mzee ambaye ujanani akienda Ghuba kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Nilimkuta barazani, uso umemkunjamana. Mjukuu wake, aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa amepanda darini na simu mkononi, akitafuta mtandao. Siku ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho kupeleka maombi ya chuo.

Katika kungoja, nikamsimulia mzee habari za intaneti. Mwaka 2009 nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa. Kabla yake Kenya ikitegemea setilaiti, kwa bei ya kuumiza. Ndani ya waya mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na habari hupita humo kwa mwanga. TEAMS yatoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, masafa ya kilomita 5,000 hivi.

Mzee akacheka. "Hiyo si njia yetu, mwanangu? Basi umetupita mlangoni usituamkie!"

Maneno yale yalinichoma, kwa kuwa ni kweli. Waya wa baharini ni mfano wa mto mkubwa. Kijiji hakinywi mpaka kichimbiwe mfereji. Mfereji huo ni nyaya za nchi kavu, minara na umeme. Mfanyabiashara apiga hesabu: wateja wachache, mikoko na mikono ya bahari, faida i wapi? Ndiyo sababu sheria ya mawasiliano, iliporekebishwa mwaka huo huo wa 2009, ikaweka hazina ya kupeleka huduma pasipo na faida. Tangu 2023 iko pia Starlink, itumiayo setilaiti, lakini kununua chombo chake ni mzigo kwa mvuvi.

"Ami, haishiki," binti akasema, akishuka huku machozi yakimlengalenga.

Tukangoja maji yajae, tukapanda boti hadi Lamu. Maombi yalipita kabla ya magharibi, alhamdulillahi. Lakini nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa ndiyo pesa ya unga wa nyumba ile.

Je, wasomaji wangu, ni mabinti wangapi wasiokuwa na nauli hiyo? Wazee wetu walijua kwamba mji usio bandari hufa. Intaneti ndiyo bandari ya leo, na vijiji vyetu vingali vimesimama ufuoni, vikitazama vyombo vikipita.